Mguu wa Mama na Uzi wa Keko

Mwezi uliopita nilimwita fundi aje nyumbani kunibadilishia sponji ya kochi langu la zamani. Kijana wa watu hakuwa na maneno mengi. Alikaa chini, akatoa wembe, akachana mshono wa kava upande mmoja, kisha upande wa pili, na ile sponji iliyobanwa humo miaka yote ikatokeza nje huku ikishusha pumzi. Ndiyo, ilishusha pumzi, hata yeye aliisikia. Nikaangua kicheko pale pale nilipokuwa nimesimama na sinia la chai. Fundi akanitazama kwa wasiwasi akauliza, "Mama, kuna kitu nimekosea?" Nikamwambia hapana baba, endelea na kazi, mie nimemkumbuka mama yangu tu. Basi ndiyo akazidi kuwa na wasiwasi.

Mama hayupo tena, Mungu amrehemu, lakini sijapata kumkumbuka bila kucheka. Na nikisikia harufu ya sponji mpya na gundi ndiyo kabisa, ananijia mzimamzima, na cherehani chake, na nyimbo zake za taarabu alizokuwa akiziimba nusunusu kwa sababu maneno ya katikati hakuyajua.

Tuliishi Keko, nyuma ya karakana ya Baba. Wa rika langu wataikumbuka Keko ile: fremu za makochi zimepangwa kando ya barabara, vumbi la mbao limetanda mpaka kwenye chai, na randa zinapiga kelele tangu asubuhi. Ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilikuwa imeshatolewa, vitu vimeanza kuonekana madukani, na watu waliokalia vigoda na viti vya mbao miaka yote ghafla kila mmoja akataka kochi la mahameli. Baba alipiga fremu. Mzee Shomari, jirani yetu mwenye nyusi nene, alijaza sponji na kuvuta kitambaa. Mama ndiye aliyeshona kava, kwa cherehani cha kukanyaga, mguu wake wa kulia ukienda juu na chini mchana kutwa. Kwa mguu ule tulikula.

Kwa kuwa sikuwa nimeona kazi nyingine duniani, niliamini kila kitu kimetengenezwa kama kochi. Ndani fremu, juu yake kitu laini, juu kabisa kitambaa, na mshono wa mwisho unafichwa upande usioonekana. Ng'ombe alikuwa hivyo. Binadamu naye alikuwa hivyo, nilijichunguza nikaridhika, isipokuwa mshono wangu wa mwisho sikuuona nikadhani uko mgongoni. Na sheria moja niliijua hata kabla ya kuijua Alifu: kazi isiyoshonwa haitoki uani. Fundi anayemkabidhi mteja kochi lililo wazi, Keko nzima itamcheka mpaka ahamie Manzese.

Asubuhi moja lori lilileta mbao za mninga. Mama alitoka kuwapisha wapakuaji, na rundo likateleza likaubana mguu wake wa kulia ukutani, baina ya goti na kifundo. Wanaume waliziinua mbao zile moja moja, na kwa uzito wa mninga haikuwa kazi ya mara moja. Zilipotoka, Mama alisimama mwenyewe. Hakukuwa na damu. Aliukanyaga mguu, akaukunja, akaukunjua, akasema, "Nyie vipi, mbona mmenikodolea macho? Mninga umekutana na mninga." Watu wakacheka, wakarudi kwenye kazi zao.

Bibi, mama yake Mama, Mzaramo wa Dar es Salaam asiyeshindwa na jambo, alimlaza mkekani. Akaukanda mguu kwa maji moto, akaupaka mafuta ya nazi, kisha akaufunga kwa kanga, akaikaza vizuri. Ndivyo walivyokuwa wakifanya tangu enzi na enzi, na mara nyingi mtu alipona. Lakini siku hiyo mchana ulivyosogea, Mama aliacha kutania. Baadaye akaacha kuongea. Alasiri mguu ulikuwa umevimba, ngozi imevutika mpaka inang'aa, na nilipougusa kwa kidole haukubonyea. Nilishangaa, maana nilijua vizuri ugumu wa kochi lililojazwa kupita kiasi.

"Vidole vinakufa ganzi, Mama," Mama alimwambia Bibi.

"Mfupa mzima, damu hakuna. Maumivu gani haya?" Bibi akasema, akakishika kidole gumba, akakikunja kidogo tu.

Mama alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu. Randa zote za karibu zilinyamaza. Bibi alikiachia kile kidole kana kwamba kimemuunguza, akaanza kutaja mmoja mmoja majina ya wateja wote wenye kijicho. Baba hakusubiri amalize. Mteja mmoja alikuwa amekuja na pikapu kuchukua makochi yake. Yakashushwa, akapakiwa Mama. Mimi nilipakiwa kwa sababu alikuwa ameung'ang'ania mkono wangu na hakuna aliyeweza kuutoa.

Hospitali tulipokewa na daktari mwanamke, kijana bado, mtu wa bara kwa lafudhi yake. Jambo la kwanza aliifungua ile kanga. Akaubonyeza mguu, akavikunja vidole taratibu, Mama akapiga ukelele tena, na sura ya daktari ikabadilika. Akamgeukia Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mfupa mzima, eti?"

"Mfupa ni mzima. Tatizo ni nyama. Nyama ya mguu imefungwa ndani ya utando mgumu, kama mfuko, na mfuko huo hautanuki. Hii imepondwa, imevimba, haina pa kwenda. Inajibana yenyewe, damu haipiti. Inabidi tupasue ngozi na huo utando, kwa urefu, huku na huku, ipate kupumua."

"Mpasue mguu usiokuwa na kidonda?" Bibi aliuliza kwa sauti iliyowageuza watu wote kwenye benchi.

"Bibi, tusipoupasua sasa hivi, baadaye tutaukata."

Hapo Bibi alikaa chini. Baba, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuwahi kumtazama Bibi usoni, aliinamisha kichwa akasema polepole, "Mama, mie naona ni kama kava dogo kwenye sponji kubwa. Kava halichaniki, sponji inakufa ndani. Lazima tufumue mshono."

"Mwanangu siyo kochi," Bibi akajibu.

"Pasueni!" Mama alifoka kutoka kitandani. "Kochi, siyo kochi, ninayeumia ni mie!"

Wakampeleka. Nilimwona akiingizwa chumba cha upasuaji huku bado akimlaumu Baba kwamba makochi ya mteja yamemwagwa barabarani. Niliogopa sana, nataka kusema ukweli. Nililia kwenye baibui la Bibi mpaka likalowa, na Bibi naye alikuwa akilia, ila yeye alisema ni mafua. Baadaye yule daktari alitoka akatuambia kwamba nyama bado ina uhai, imerudisha rangi yake pale pale ilipofunguliwa. Bibi alimshika mikono yote miwili.

Kesho yake Baba alibaki hospitali, na Bibi akaenda saa ya kuona wagonjwa. Aliporudi, watu wote wa karakana walimzunguka.

"Hajambo, alhamdulillahi. Maumivu yametulia, ameomba hadi uji," Bibi alisema. Kisha akashusha sauti. "Lakini hawajamshona."

"Hawajamshona vipi?" Mzee Shomari akauliza.

"Nimemwona nesi akimbadilisha bendeji. Mguu uko wazi, tangu chini ya goti hadi karibu na kifundo, upande huu na upande huu. Nyama imetokeza nje, nyekundu, mtu unaiona hivi hivi. Wameifunika kwa kitambaa basi. Sindano haijapita hata mara moja."

Wote pale walikuwa mafundi, na wote waliwaza kitu kimoja. Siku hizo ukilazwa ulikwenda na vyako: glovu zako, pamba yako, wakati mwingine hata shuka. Kama glovu hazipo, basi na uzi haupo. Masikini wale madaktari wamefumua kazi kubwa, wamefika kwenye mshono wa mwisho, uzi umekwisha, na wanaona haya kusema. Sijui nani alilisema kwanza, lakini lilipokwisha kusemwa halikuwa na mpinzani.

"Ni nani hapa Keko ambaye Mama Zai hajamshonea?" Mzee Shomari alisema. "Leo yeye akose uzi? Sie tupo?"

Zai ndiye mimi. Nikawa wa kwanza kukimbilia kwenye kapu la Mama, maana nilikuwa na jambo la maana zaidi ya uzi wenyewe. Mama alinifundisha kwamba uzi lazima ufanane na kitambaa, la sivyo mshono unapiga kelele. Nilimwaga kata zote za uzi sakafuni, nikazipitisha moja moja kwenye mkono wangu, kwa sababu wote walisema rangi yangu ni ya Mama. Ile nyekundu hapana. Ile ya maziwa hapana. Nikapata kata ya kahawia iliyobaki kwenye kochi la mahameli la mwalimu mmoja wa Mwenge, nikailaza mkononi, ikapotea kabisa. Nilijisikia mtoto mwenye akili kuliko wote Temeke.

Saa ya jioni ya kuona wagonjwa ilipofika, mafundi wa Keko waliingia hospitali kwa msafara, wamevaa kanzu na mashati ya Ijumaa. Huyu na uzi wa nailoni, yule na uzi wa nta wa kushonea ngozi, mwingine na kamba nyembamba ya katani endapo mguu ungekuwa mkaidi. Mzee Shomari alizichemsha sindano zake, zile ndefu zilizopinda za kushonea pembe za kochi, akazifunga ndani ya leso safi. Watoto hatukuruhusiwa wodini, ila mlinzi alikuwa bado anajaribu kuelewa katani ni ya nini, nikapita chini ya mkono wake.

Mama alikuwa amekaa, mguu umeinuliwa juu ya mito, anakula chungwa. Alipotuona tumejaa mlangoni na uzi wetu, chungwa lilisimama mdomoni. Yule daktari alikuwa kitanda cha pili. Mzee Shomari akamsogelea kwa adabu zote.

"Daktari, sie hatukuja kulaumu. Uhaba tunaujua, umetupata wote. Uzi huu hapa, chagua unaokufaa. Na kama mkono umechoka, wa kushona tupo."

Daktari alitazama leso, akatazama sindano, akatazama ile kamba ya katani. Kisha akakaa pembeni ya kitanda cha Mama akacheka. Alijaribu kujizuia, kofia ikamdondoka, akaendelea kucheka, na Mama alipoelewa akaanza kucheka naye, akaushika mguu wake akisema, "Jamani msinichekeshe, unauma!" Manesi walikuja mbio wakidhani kuna mtu amezidiwa.

"Mzee wangu, uzi tunao," daktari alisema alipoweza kusema. "Tumeuacha wazi kwa makusudi. Nikiushona leo, nimekifunga tena kile kifuko tulichokipasua. Acha uvimbe ushuke kwanza. Ukishashuka, tutaufunga."

Mzee Shomari alifikiri, nyusi zake zikishuka na kupanda. "Kumbe mnasubiri sponji ilale."

"Hapo hapo, Mzee."

"Basi ni kazi safi," akawatangazia wenzake, na mafundi wote wakatikisa vichwa, maana hilo walilielewa kuliko yeyote.

Mimi sikuridhika. Nilimvuta daktari koti nikampa kata yangu ya kahawia. Aliichukua, akaiweka kwenye mkono wa Mama, akaitazama kwa makini kama mteja mkorofi. "Rangi umepatia," aliniambia. "Ila wa kwetu lazima uchemshwe kwenye mashine yetu." Nilimsamehe, lakini nilimwambia waziwazi kwamba ule wao mweusi utapiga kelele.

Uzi uliokwishafika hauwezi kurudi nyumbani bure. Mzee Shomari alikuwa ameyaona magodoro ya wodi, kava zimechanika, sponji inachungulia. Fundi wa makochi hawezi kuona kitu kile akalala. Alimwomba sista wa wodi ruhusa, na mafundi wakakaa chini kwa kanzu zao za Ijumaa, wakashona godoro la kitanda kilichokuwa kitupu, kisha jingine. Wagonjwa waliojiweza walijisogeza wenyewe ili zamu yao ifike. Saa ya kuondoka ilipita, hakuna nesi aliyetufukuza. Mama alikuwa juu ya mito yake kama msimamizi wa shamba. "Mzee Shomari, mshono unapinda huo! Usidhani niko kitandani sikuoni!" Siku ile hospitali iliacha kunitisha, na mpaka leo nikiingia wodini jicho langu huenda kwenye magodoro kwanza.

Uvimbe ulishuka. Upande mmoja wa mguu waliushona kwa uzi wao mweusi, na upande wa pili, ambako ngozi haikutosha kukutana, walichukua ngozi nyembamba ya paja lake mwenyewe wakaipachika. Bibi alilisifu hilo kuliko yote. "Kiraka kimetoka kitambaa kile kile," aliwaambia majirani. "Hao wanajua kazi."

Lakini kuna jambo halikuwa sawa. Mguu ulikuwa umepona ngozi na nyama, ila unyayo ulining'inia. Kila asubuhi daktari alisimama mbele ya kitanda akamwambia Mama, "Inua vidole." Mama alikaza uso, akakaza mpaka shingo, na vidole vililala vilevile. Daktari alieleza kwamba mishipa ya fahamu ilibanwa nayo, imelala usingizi. Huenda itaamka polepole, huenda isiamke, hakuna anayeweza kuahidi. Bila kuinua unyayo angekuwa akiuburuza, na cherehani cha kukanyaga kwa mguu unaoburuzwa hakiendi. Mama hakusema lolote juu ya cherehani. Ila nilimwona siku moja akidhani hakuna anayemtazama, anaukodolea macho ule unyayo, midomo inacheza, anaubembeleza kama mtoto asiyetaka kula.

Wakamfundisha kutembea kwa magongo, wakamfundisha mazoezi, na siku za mwisho daktari alisema ameona kidole gumba kikicheza. Bibi alisema hakukiona. Mama alisema na yeye hana hakika. Akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Gari halikuweza kuingia kwenye kichochoro chetu, na Keko ilikuwa imejipanga. Mafundi walitoka na kochi la mtu mmoja, jipya kabisa, mahameli ya kijani, mikono ya mninga iliyopigwa vanishi. Walimkalisha Mama, wakambeba juu mabegani, magongo nikayabeba mimi. Randa zilizimwa. Wauza maandazi waliacha makarai. Mama aliinua kanga kidogo, yeye ambaye hata mbele ya kaka zake alijistiri, akawaonyesha wanawake wa kichochoroni makovu yake, huku alama za mishono myeusi kama zipu, huku kiraka, nao wakashangilia kama wameonyeshwa nguo ya harusi.

Wakafika mlangoni, kochi likagoma kuingia. Walilijaribu kwa ubavu, wakaligeuza, Mama akayumba akapiga kelele, wakalirudisha. Mafundi bora wa makochi wa Dar es Salaam, watu ambao hawapigi msumari kabla ya kupima mlango wa mteja, hakuna hata mmoja aliyeupima mlango wa mwenzao. Baba alishika kichwa. Watu walicheka mpaka wakaegemea kuta.

"Nitueni," Mama akasema.

Wakamtua. Nikampa magongo. Mbele yake kulikuwa na kizingiti chetu cha saruji, kirefu, alichokijenga Baba kuzuia maji ya masika. Kicheko kikapungua, kisha kikaisha, maana kila mtu alikiona kile kizingiti na kila mtu alijua habari ya unyayo. Mama aliweka magongo ndani, akavusha mguu wa kushoto. Akawa nusu ndani, nusu nje. Akauvuta wa kulia. Vidole vikagonga ukingo wa juu wa saruji, vikakwama.

Baba aliinama haraka amwinulie kwa mkono.

"Acha," Mama akamwambia.

Baba akaacha. Mama alikaza uso, akakaza shingo, jasho likamtoka kwenye paji. Nilichuchumaa chini kabisa, shavu langu karibu na saruji, nikivitazama vile vidole vitano vyenye hina iliyofifia. Kidole gumba kikacheza. Kikainuka. Na vingine vikakifuata, vikitetemeka, kidogo tu, kiasi cha kupitisha karatasi. Vikavuka. Bibi alipiga kigelegele kabla hata kisigino hakijagusa sakafu.